Ulimi Unapokuwa Mzito: Simu na Kompyuta Katika Kufuatilia Sauti ya Mgonjwa

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

Mimi ni muuguzi wa jamii, na kazi yangu iko hapa kwetu Thika na Ruiru, mitaani na majumbani. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo unisikilize. Kama una kalamu na daftari karibu, vichukue, kwa maana leo kuna jambo la kuandika.

Mada yetu ya leo ni ugonjwa unaomfanya mtu apoteze uwezo wa kuongea pole pole. Tutaeleza pia jinsi kompyuta inavyofundishwa kusikia mabadiliko ya sauti ambayo sisi hatuyasikii, na jinsi wewe mlezi unavyoweza kuanza kuyafuatilia ukitumia simu na daftari tu.

Nianze na kisa cha kweli.

Kisa cha Cucu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimtembelea mama mmoja wa miaka hamsini na kitu huko Makongeni, Thika. Sitamtaja jina. Wajukuu wake humwita Cucu, nasi tumwite hivyo. Alikuwa akiongoza kwaya kanisani, na sokoni aliuza nguo za mitumba. Ulimi wake ukaanza kuwa mzito. Maneno yakawa yanagongana mdomoni. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba mama wa kwaya siku hizi anakunywa pombe, na Cucu hajaonja pombe maisha yake yote. Kwa aibu akaacha kwaya, na baadaye akaacha soko.

Mimi nilimwangalia mdomoni, nikaona jino bovu, nikamtuma kwa daktari wa meno. Jino liking'olewa, ulimi ukabaki vile vile. Nikamwambia ni uchovu na mawazo, apumzike. Wasikilizaji, hapo nilikosea, na kosa langu lilitupotezea miezi mitatu.

Aliyenifungua macho ni mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza. Siku moja aliniambia, "Sista, hebu keti usikilize hii." Akatoa simu. Kila Jumamosi Cucu alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kumuuliza kama wajukuu wanakuja kesho, na kumwagiza anunue maziwa njiani. Maneno yalikuwa karibu yale yale kila wiki. Akanichezea ujumbe wa Januari, kisha wa Machi, kisha wa Juni. Ule wa Januari ulitiririka kama maji. Ule wa Machi ulikuwa na vituo vingi katikati. Ule wa Juni ulichukua karibu mara mbili ya muda, na neno "maziwa" halikueleweka kabisa.

Sote tulikuwa tukiisikia sauti hiyo kila wiki, na hakuna aliyejua kwamba inashuka. Ni kama mama na mtoto wake: wewe unayemwona kila siku huoni akikua, lakini shangazi akija Krismasi anashangaa. Sikio la nyumbani huzoea. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba pia humaliza kibaba.

Siku hiyo hiyo niliandika barua ya kumtuma Cucu hospitalini. Kutoka hapo alitumwa kwa daktari bingwa wa neva Nairobi, akapimwa, na ugonjwa ukajulikana.

Je, ugonjwa huu ni nini?

Madaktari huuita kwa herufi tatu, MND. Nchini Marekani wengi huuita ALS. Ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Ili uinue kikombe, umeze uji au useme "habari", ubongo hutuma amri kupitia neva hizi hadi kwenye misuli. Katika ugonjwa huu neva hizo hufa moja baada ya nyingine. Msuli usiopata amri hulegea, hukonda, na mwishowe huacha kufanya kazi.

Kwa wagonjwa wengi ugonjwa huanzia mkononi au mguuni: kikombe kinaponyoka, mguu unakwaruza chini. Lakini kwa mgonjwa mmoja kati ya watatu au wanne hivi, huanzia kwenye misuli ya ulimi, midomo na koo, kama ilivyokuwa kwa Cucu. Hata wale walioanzia mkononi, wengi wao sauti hubadilika baadaye.

Si ugonjwa mpya kwetu. Mwaka wa 1992 jarida la madaktari la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa MND humu nchini Kenya. Hauambukizwi kwa kula pamoja, kwa kukohoa wala kwa kulala kitanda kimoja. Si uchawi, si laana, wala si adhabu. Wagonjwa wachache, yapata mmoja kati ya kumi au chini ya hapo, huwa na ugonjwa huu katika ukoo wao. Kwa wengi waliobaki chanzo hakijulikani.

Ni lazima niseme ukweli: MND haina tiba ya kuiponya. Iko dawa iitwayo riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1995, ambayo huchelewesha ugonjwa kidogo. Wagonjwa wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze. Lakini wako wanaoishi muda mrefu zaidi. Mwanasayansi wa Uingereza Stephen Hawking aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka wa 1963 akiwa na miaka 21. Alipoteza sauti yake mwaka wa 1985, akaendelea kuongea, kufundisha na kuandika kwa kutumia kompyuta, hadi alipofariki mwaka wa 2018 akiwa na miaka 76.

Jambo la kukumbuka ni hili: kwa wagonjwa wengi, mwili hulegea lakini akili hubaki nzima. Wengine hubadilika pia katika fikira na tabia. Kwa hiyo usimzungumzie mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo. Anakusikia, na anaelewa. Wengine pia hucheka au hulia ghafla bila sababu na hawawezi kujizuia. Huo si wazimu. Ni sehemu ya ugonjwa, na daktari anaweza kusaidia.

Kompyuta inajifunzaje kusikia?

Sasa tuje kwenye kompyuta. Pengine umesikia watu wakitaja akili bandia, ukadhani ni mambo ya watu wa Nairobi na Marekani. Hebu tuifikirie kwa njia rahisi.

Msichana akienda kuchuma kahawa Ruiru kwa mara ya kwanza, huonyeshwa: hii imeiva, hii bado. Huanza kwa kuuliza uliza. Akishachuma madebe mengi, haulizi tena. Mkono wake unajua. Hakupewa kitabu. Alifundishwa na matunda mengi aliyoyaona.

Kompyuta nayo hufundishwa hivyo. Watafiti huipa maelfu ya sauti zilizorekodiwa, za watu wazima wa afya na za wagonjwa. Kila sauti huwekewa alama na mtaalamu: huyu anaongea sawa, huyu ulimi umeanza kuwa mzito, huyu haeleweki. Kompyuta hutafuta yenyewe tofauti zilizopo, kisha huzitumia kupima sauti mpya ambayo haijawahi kuisikia. Kazi hii ndiyo huitwa kujifunza kwa mashine.

Inasikiliza nini? Inapima mtu anasema maneno mangapi kwa dakika. Inapima vituo vya katikati ya maneno, hata vile vidogo sana. Inasikiliza kama sauti inatetemeka mtu anaposema "aaa", kama hewa inatorokea puani, na kama herufi kama "p", "t" na "k" zinatoka kali au zinateleza. Na watafiti wamegundua kwamba kasi ya kuongea huanza kupungua kabla watu hawajaanza kushindwa kumwelewa mgonjwa. Yaani dalili hutangulia, na sisi huchelewa kuisikia.

Pengine utauliza: kwani daktari hawezi kusikia mwenyewe? Anaweza. Madaktari hutumia orodha ya maswali 12 kupima jinsi mgonjwa wa MND anavyoendelea. Kila swali lina alama kutoka 0 hadi 4, na zote zikijumlishwa ni 48. Swali la kwanza ni juu ya kuongea. Lakini angalia: kuongea kote kumepewa hatua tano tu, kuanzia kuongea vizuri hadi kutoongea kabisa. Mgonjwa anaweza kushuka sana kabla ya kutoka hatua moja hadi nyingine. Tena anamwona daktari mara moja kwa miezi kadhaa. Sauti ikirekodiwa nyumbani kila wiki, kompyuta inaweza kuona hata kushuka kudogo.

Mwaka wa 2019 kampuni ya Google ilitangaza mradi uitwao Euphonia, wa kukusanya sauti za watu ambao kuongea kwao kumeathiriwa, wakiwemo wagonjwa wa ALS, ili kompyuta ijifunze kuwaelewa. Marekani kuna vikundi vya wagonjwa wanaorekodi sauti zao nyumbani kwa simu ili watafiti wafuatilie ugonjwa.

Je, kompyuta hizi zinatufaa sisi?

Hapa kuna kasoro ambayo ni vizuri uijue. Yule mchumaji wetu hodari wa kahawa, mpeleke Gatundu kwenye majani chai. Ataharibu kazi siku hiyo, si kwa sababu hana akili, bali kwa sababu alijifunza kahawa. Kompyuta nyingi za kupima sauti za wagonjwa zimefundishwa kwa Kiingereza. Wataalamu wa Kiingereza, kwa mfano, husema mgonjwa wa MND akishuka hadi maneno 125 hivi kwa dakika, wakati wa kutafuta njia nyingine ya kuwasiliana umefika. Hesabu hiyo huwezi kuileta kwetu. Sisi tunasema "hatutawasahau" na limekwisha, neno moja. Mwingereza atahitaji maneno manne au matano kusema hivyo. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo hesabu zetu ni tofauti.

Tena watu wa Thika na Ruiru huchanganya. Sentensi moja ina Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, na vijana wanaongeza Sheng. Kompyuta isiyojua hilo inaweza kumwita mzima mgonjwa, au mgonjwa mzima.

Kuna juhudi. Mwaka wa 2021 shirika la Mozilla lilianza kazi ya kukusanya sauti za Kiswahili zinazotolewa na watu wa kawaida. Ghana, watafiti wa chuo kikuu chao wakishirikiana na wenzao wa London walikusanya sauti za watu wenye shida ya kuongea katika lugha ya Akan. Kazi ya namna hii inahitajika zaidi katika Kiswahili na katika lugha zetu za nyumbani. Mtafiti akija na kibali, akakueleza vizuri, kumbuka kwamba sauti ya mgonjwa wako inaweza kuwafaa wengine.

Lakini hatuwezi kuketi kungoja. Kanuni ambayo kompyuta inatumia ni rahisi: maneno yale yale, mtu yule yule, kila wiki, na kumbukumbu isiyosahau. Hiyo hata wewe unaiweza.

Namna ya kufuatilia sauti nyumbani

Chukua daftari sasa.

Kwanza, chagua siku moja ya wiki na saa moja, mgonjwa akiwa amepumzika. Asubuhi baada ya chai ni wakati mzuri.

Pili, tafuta mahali patulivu. Zima redio na televisheni, funga mlango. Mvua ikinyesha juu ya mabati, ngoja iishe.

Tatu, weka simu juu ya meza, umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni. Tumia simu ile ile kila mara. Simu yoyote inayorekodi sauti inatosha.

Nne, mgonjwa asome kifungu kile kile kila wiki, kwa mwendo wake wa kawaida. Unaweza kutumia hiki, ambacho kina maneno 30. Nitasoma pole pole uandike:

"Jumamosi mama alipanda matatu kutoka Ruiru kwenda Thika. Alinunua kabichi, pilipili, ndizi mbivu na kilo mbili za sukari. Alipofika nyumbani, watoto walimpokea mizigo, wakapika chakula, wakala pamoja, kisha wote wakalala."

Kama hasomi, ahesabu kutoka moja hadi ishirini au ataje siku za wiki. Kama lugha yake ni Kikuyu au Kikamba, tumia hiyo. Muhimu ni maneno yasibadilike.

Tano, avute pumzi aseme "aaa" hadi pumzi iishe. Kisha aseme "pa-ta-ka, pa-ta-ka" kwa haraka awezavyo, kwa pumzi moja.

Sita, andika tarehe, na sekunde alizotumia kusoma. Ongeza mstari mmoja: amepaliwa mara ngapi wiki hii? Anakula vipi? Analala vipi?

Usimsahihishe wakati anasoma. Usionyeshe huzuni usoni. Huu si mtihani wa shule. Akichoka, acheni, mtaendelea kesho.

Sasa, utasomaje daftari lako? Usimlinganishe na jirani, mlinganishe na yeye mwenyewe. Tuseme wiki ya kwanza alisoma kwa sekunde 17. Wiki moja akitumia 19, usishtuke, pengine alikuwa na homa au hakulala. Lakini ikiwa 19, kisha 20, kisha 22, kisha 24, hilo ni jambo la kupeleka hospitalini. Beba daftari na simu. Mchezee daktari sauti ya kwanza na ya mwisho, moja baada ya nyingine. Mke wa mwana wa Cucu hakuwa na masomo ya udaktari, lakini alinifundisha mimi niliyesomea uuguzi.

Ni wakati gani usingoje?

Kama ulimi umekuwa mzito ghafla, kwa dakika au saa chache, mdomo umepinda au mkono umelegea, hiyo yaweza kuwa kiharusi. Usirekodi chochote. Kimbia hospitalini.

Kama sauti huwa nzuri asubuhi na kulegea jioni, na kope za macho zinaanguka, mwambie daktari. Kuna ugonjwa mwingine wa misuli unaofanana hivyo, na huo una matibabu mazuri. Ndiyo sababu nasema simu haitambui ugonjwa. Hata kompyuta haimwambii mtu kwamba ana MND. Inaonyesha tu kwamba kuna mabadiliko. Kutambua ni kazi ya daktari.

Na kama mgonjwa tayari anajulikana kuwa na MND, usingoje siku ya kliniki ukiona haya: anapaliwa na maji au mate, anakohoa kila akila, anakonda haraka, anakosa pumzi akilala chali, au anaamka na maumivu ya kichwa kila asubuhi. Mambo haya mawili ya mwisho yanaonyesha kwamba misuli ya kupumua imeanza kuchoka.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya Ruiru, au Thika Level 5. Omba barua ya kutumwa kwa daktari wa neva. Hospitali Kuu ya Kenyatta iko Nairobi, na tangu mwaka wa 2019 kuna hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambayo kwa watu wa Ruiru si mbali. Hakikisha familia imesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024.

Kufuatilia kunasaidia nini kama hakuna tiba?

Hili ndilo swali ambalo huulizwa sana, na jibu lake ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Tunafuatilia sauti ili tujue muda uliobaki, tuutumie vizuri.

Kwanza ni chakula. Ulimi unaoshindwa kusema ndio ule ule unaosukuma chakula. Sauti ikishuka, angalia sahani. Githeri, mahindi ya kuchoma na vyakula vikavu vinavyovunjika vunjika humpalia mgonjwa. Mukimo uliopondwa ukalainika, viazi vilivyopondwa na uji mzito ni rahisi zaidi kuliko maji matupu. Mketishe wima, mpe kidogo kidogo, asiongee akila, na abaki ameketi kwa nusu saa baada ya kula. Uliza hospitalini kama kuna mtaalamu wa usemi na kumeza. Baadaye daktari anaweza kuzungumza nanyi juu ya mrija wa kulishia tumboni. Uamuzi huo ni rahisi ukifanywa mapema, kabla mgonjwa hajadhoofika.

Pili ni akiba ya sauti. Sauti ikishaondoka hairudi, lakini iliyorekodiwa hubaki. Mwaka wa 2023 kampuni ya Apple ilitoa programu ya simu ambayo mtu husoma sentensi, na simu ikatengeneza sauti inayofanana na yake. Ilipoanza ilihitaji yapata dakika 15 za kusoma, na ilikuwa kwa Kiingereza. Mchezaji wa zamani wa kandanda ya Marekani, Tim Shaw, alikuwa amekwisha kupoteza uwazi wa sauti yake kwa ugonjwa huu. Mwaka wa 2019 watafiti walitumia mahojiano yake ya zamani kufundisha kompyuta sauti yake ya ujana, akaisikia tena pamoja na wazazi wake.

Kwa hiyo usifute ujumbe wa sauti. Video ya harusi, ya ruracio, ya kwaya, zihifadhi mahali zaidi ya pamoja. Na hata bila programu yoyote, rekodi leo maneno ambayo mtayahitaji: "Nataka maji." "Nigeuze." "Nina maumivu." "Asante." "Nakupenda." Yataitwa kwenye simu siku ambayo mdomo utashindwa.

Tatu ni njia nyingine ya kuongea. Chukua kadibodi, andika herufi zote kwa kalamu nene, na kando uandike "ndiyo", "hapana", "choo", "maji", "dawa". Mgonjwa ataonyesha kwa kidole, na kidole kikichoka, kwa macho. Mfundishe angali anaongea, ili mzoeane.

Tahadhari

Sauti ya mgonjwa ni habari za afya yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mtu yeyote anayetaka sauti hiyo ni lazima aeleze ataifanyia nini, na mgonjwa ana haki ya kukataa. Muulize mgonjwa kwanza, hata wewe mlezi. Usitume sauti hizo kwenye vikundi vya WhatsApp ili watu wamhurumie. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu, na walaghai wanaweza kuitumia kuomba pesa kwa jamaa.

Na mtu akikuambia ana programu au mitishamba inayoponya MND, shika mkoba wako vizuri.

Mwisho, mlezi, wewe pia ni mtu. Kumtunza mtu anayefifia kunachosha mwili na roho. Gawaneni kazi katika familia. Anayeishi mbali na hawezi kumwogesha mgonjwa anaweza kutunza rekodi na daftari. Zungumza na mhamasishaji wa afya wa mtaa wako. Kulia si dhambi.

Tumalizie na Cucu

Ugonjwa ulipojulikana, sauti ya Cucu ilikuwa imebaki kidogo. Mke wa mwanawe hakupoteza hata siku moja. Kila jioni waliketi na simu. Cucu alitaja jina la kila mjukuu, mmoja mmoja, na kumwambia kila mmoja neno moja. Wakati mwingine jina moja lilichukua jioni nzima. Kufikia Krismasi hakuweza tena kuongea. Sasa anatumia kadibodi ya herufi, na wajukuu ni wepisi kuisoma kuliko mimi.

Majina yote yako kwenye simu. Lakini nyimbo alizokuwa akiongoza kanisani hazimo, kwa sababu tulipoanza kurekodi hakuweza tena kuimba. Ile miezi mitatu niliyompotezea, pengine angeimba. Hilo ndilo linalonifanya niwaambie haya leo. Kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye watu wanasema amekuwa mlevi, au mvivu wa kuongea, na wewe unajua sivyo, tafuta ujumbe wake wa zamani kwenye simu. Usikilize, kisha usikilize wa leo.

Mambo ya kukumbuka: ulimi kuwa mzito pole pole si ulevi wala uzee, ni dalili ya kupimwa. Rekodi maneno yale yale kila wiki na uandike sekunde. Mgonjwa umlinganishe na yeye mwenyewe. Hifadhi sauti mapema. Na ukiwa na shaka, mlete hospitalini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:

1. Je, katika mtaa wetu, mtu anayeanza kuongea kwa shida husemwa vipi? Tunaweza kumsaidia vipi?

2. Kwa nini watu wa nyumbani huchelewa kusikia sauti ikibadilika?

3. Ni maneno gani ungependa kuyahifadhi kutoka kwa mzazi wako, na umeyarekodi?

Tukutane wiki ijayo, siku kama hii na saa kama hii. Hadi hapo, watunzeni wagonjwa wenu, nanyi mjitunze. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi unapanda.)